Siku tano ndani ya msitu wa Udzungwa: tuanze kujipanga wapi?

Swali la msomaji: "Tupo marafiki sita wa Dar es Salaam, wa umri wa miaka 27 hadi 51. Wawili wetu tumeshapanda Kilimanjaro, wanne hawajawahi kulala porini. Tunataka kutembea njia ya Lumemo, Udzungwa, siku tano, wakati wa likizo ya Desemba. Tunahitaji wapagazi wangapi, tubebe nini, na ni jambo gani hasa huwaharibia watu safari kama hii?"

Nianze na swali lenu la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mengine yote. Kinachoharibu safari ya msitu wa mvua ni unyevu. Watu hujiandaa kwa chui na nyoka, kisha wanarudishwa na soksi mbichi. Begi likilowa, kilo kumi zinakuwa kumi na mbili. Miguu ikishinda ndani ya viatu vilivyolowa, ngozi inalainika na kuchubuka, na kufikia siku ya tatu mtu anachechemea. Mmoja akichechemea, kundi zima linatembea kwa mwendo wake, kambi inafikiwa gizani, na safari ya siku tano inageuka ya siku sita huku chakula kikiwa cha siku tano. Tarehe, chakula, wapagazi, nguo: yote nitakayoeleza hapa yanalenga kuuvunja mnyororo huo mapema.

Kwa hiyo Desemba iacheni. Upande wa mashariki wa Udzungwa, unaotazama bonde la Kilombero, hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upepo ule ukigonga ukuta wa mlima unapanda, unapoa na kumwaga maji, na ndiyo sababu msitu huu upo. Mvua huanza kuchanganya Novemba na huendelea kwa vipindi hadi Mei, Machi na Aprili zikiwa nzito zaidi. Miezi ya kutembea ni Juni hadi Oktoba, na ningechagua Agosti au Septemba: njia zimekauka, mito imeshuka, ila vijito bado vina maji ya kutosha kambi. Msije na picha ya kiangazi cha Dodoma, lakini. Hata Agosti ukungu hukaa juu ya matuta na manyunyu hudondoka kwenye majani alfajiri nzima.

Kama likizo haiwezi kuhama, ihamisheni safari. Desemba njooni mlale Mang'ula, penye makao makuu ya hifadhi, na kutembea njia za siku moja, kama ya Sonjo na ile ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake hushuka jumla ya mita 170. Mtajifunza mengi kuhusu miguu yenu kwa gharama ndogo. Siku tano ziwekeni Agosti.

Sasa njia yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na kilele chake kirefu zaidi, Luhombero, kina mita 2,576. Kilicho adimu hapa ni msitu unaopanda bila kukatika kutoka karibu mita 250 hadi juu ya mita 2,000. Mnaanza kwenye joto la bondeni na kulala kwenye baridi ya mlimani ndani ya msitu uleule. Njia ya Lumemo ina kilomita 65 na hutembewa kwa siku tano na usiku nne. Njia ya Mwanihana ina kilomita 38, siku tatu na usiku mbili, hadi kilele cha zaidi ya mita 2,100.

Ushauri wangu, kwa kundi ambalo wanne kati ya sita hawajawahi kulala porini, ni kuanza na Mwanihana. Nasema hivyo nikijua mnaitamani ile ndefu. Mwanihana ina kila kitu ambacho Lumemo inacho: kupanda kwa nguvu, utelezi, usiku wa baridi, mizigo, askari. Tofauti ni kwamba ukikosea siku ya kwanza ya Mwanihana, upo mwendo wa nusu siku kutoka barabarani. Ukikosea katikati ya Lumemo, upo siku mbili kutoka kwenye gari. Na wale wawili wa Kilimanjaro wasilibebe kundi kwa uzoefu ule peke yake. Kilimanjaro njia ni pana, kambi zinajulikana, na kikwazo kikubwa ni hewa nyembamba. Udzungwa hewa inatosha. Kinachochosha ni mizizi, matope, magogo ya kuruka, na joto lenye unyevu ambalo haliruhusu jasho likauke.

Mwendo wa Lumemo, mtakapoiendea, upangeni hivi. Barabarani mtu mwenye afya hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa. Msituni, akiwa na begi la kilo nane na njia inapanda, hesabuni kilomita mbili kwa saa, na penye mwinuko mkali moja na nusu. Kilomita 65 kwa siku tano ni wastani wa kilomita 13 kwa siku, yaani saa sita na nusu za kutembea tu. Ongezeni saa mbili za kupumzika, kula, kuvuka vijito na kuwasubiri wa nyuma. Mkiondoka saa moja asubuhi mnafika kambini kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu saa kumi na moja na nusu jioni, chini ya miti mikubwa, huoni tena mizizi unayoikanyaga. Mkiondoka saa tatu kwa sababu mpishi alichelewa kuwasha jiko, mtapiga hema kwa tochi.

Mambo ya ofisi yaanzeni miezi miwili kabla. Makao makuu ya hifadhi yapo Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, na huko ndiko mnakopata askari mwenye silaha, ambaye ni lazima. Pigeni simu au andikeni, na msiulize bei tu. Ulizeni njia mnayotaka ilisafishwa lini mara ya mwisho. Njia ya siku tano haipitwi kila wiki, na miezi michache ya mvua inatosha kuifunika kwa nyasi, mimea inayotambaa na miti iliyoanguka. Njia isiyosafishwa inaweza kushusha mwendo wenu hadi kilomita moja kwa saa, na hapo hesabu yote ya juu inavunjika. Kama haijasafishwa, ulizeni kama itasafishwa kabla yenu, na kwa gharama ya nani.

Ulizeni pia maji yapo kambi zipi kwa mwezi wenu, kama moto wa kuni unaruhusiwa, kama wapagazi nao wanalipiwa kiingilio, na mahali pa karibu pa kutokea endapo mtu ataumia siku ya pili au ya tatu. Ombeni mchanganuo wa tozo kwa maandishi: kiingilio kwa mtu kwa siku, kulala kambini kwa mtu kwa usiku, askari, mwongozaji. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo msije na bahasha ya fedha taslimu mkitegemea kumaliza getini. Fedha taslimu wekeni kwa ajili ya wapagazi, mpishi na mahitaji ya Mang'ula.

Tuje kwenye wapagazi, maana hapa ndipo makundi mengi hukosea hesabu. Wanafikiri mpagazi mmoja kwa mgeni mmoja inatosha, na wanasahau kwamba mpagazi naye anakula, analala na ana mzigo wake.

Chukueni kundi lenu. Wageni 6, askari 1, mwongozaji 1, mpishi 1: watu 9 kabla ya mpagazi yeyote. Vifaa vya pamoja ni hema tatu za wageni, kilo 9. Hema za wafanyakazi, kilo 12. Maturubai mawili ya mita nne kwa sita, kilo 6. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 pamoja na jiko lake, ambao ukiwa umejaa haupungui kilo 13, tuseme 14. Masufuria, sahani, ndoo na madumu, kilo 7. Sanduku la dawa na kamba, kilo 2. Jumla kilo 50. Chakula kikavu ni gramu 700 kwa mtu kwa siku, na mnabeba cha siku sita kwa safari ya siku tano. Hiyo ni kilo 4.2 kwa kila mtu. Kwa watu 9 ni kilo 38 hivi. Mpaka hapa mna kilo 88 za kubebwa.

Mpagazi wa msitu asibebe zaidi ya kilo 15 za mzigo wenu, juu ya kilo tano za vitu vyake. Kilimanjaro kikomo ni kilo 20 za mzigo, lakini mteremko wenye matope na magogo unadai mgongo mwepesi. Katika zile 15, kilo 4.2 ni chakula chake mwenyewe. Inabaki 10.8 ya kuwasaidia ninyi. Gawanyeni 88 kwa 10.8: mnapata wapagazi 8, na kilo moja na nusu hivi zinazozidi mzigawane wenyewe. Kundi zima sasa ni watu 17.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mgeni anabeba begi lake mwenyewe la kilo nane. Mkiamua kumpa mpagazi kilo sita kati ya hizo, mmeongeza kilo 36, yaani wapagazi wanne zaidi, na hao wanne wanahitaji hema na nafasi kambini. Ndiyo maana nasisitiza kupunguza mzigo kabla ya kuongeza watu. Kila kilo inayobaki Dar es Salaam ni kilo ambayo haimwelemei mtu yeyote kwenye mteremko.

Waajirini watu wa vijiji vya jirani kupitia mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi. Kubalianeni ujira wa siku, siku za akiba zinalipwaje, na nani analipia matibabu mtu akiumia, kisha yaandikwe na kila mmoja ayasikie. Kagueni viatu na nguo zao za baridi siku moja kabla. Mpagazi mwenye kandambili na shati moja atatetemeka usiku kwenye mita 2,000, na hiyo ni dhamana yenu kama ilivyo ya mwongozaji. Makoti ya mvua na mablanketi ya mitumba ya sokoni yanatosha kabisa. Msiwaache watu wanaowabebea chakula walale kwenye unyevu.

Zile gramu 700 mnazigawa hivi: mchele au unga 400, choroko, dengu au dagaa 100, karanga na tende 100, sukari 60, mafuta ya kupikia 40. Chumvi, majani ya chai na tangawizi ni nyongeza ndogo. Zinatoa nishati ya kalori 2,800 hivi, kiasi cha chini kinachofaa kwa siku ya kupanda. Maharage makavu yaacheni, kwa sababu yanakula gesi saa mbili kwa sufuria moja, wakati choroko zilizolowekwa tangu asubuhi ndani ya dumu huiva chini ya nusu saa. Unga ufungwe mara mbili, maana unga uliopata unyevu unachacha siku ya tatu. Siku ya kwanza mnaweza kula nyama, mboga na ndizi mbivu, kwa kuwa mzigo ule unaisha usiku huohuo. Dagaa wakae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na hema. Harufu yake huita nguruwe pori, na nyani wakishajua kwamba kambi ina chakula hawaondoki.

Msitegemee kuni hata kama zinaruhusiwa. Gogo la msitu wa mvua linaweza kukaa miaka bila kukauka ndani, na moto wake ni moshi. Mtungi wa kilo 6 unatosha watu 17 kwa siku tano ikiwa gesi ni ya kupikia na chai tu. Maji ya kunywa yatibuni kwa vidonge vya klorini. Kila mtu anahitaji lita nne kwa siku, kwa hiyo ni karibu lita 70 kwa kundi. Kama kidonge chenu ni kile cha ndoo ya lita 20, mnatumia vinne kwa siku, bebeni 30. Maji yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu tope hula klorini kabla haijaua vijidudu. Kisha subirini dakika 30 bila kudokoa. Jazeni madumu jioni mara mnapofika kambini, ili asubuhi kila mtu aanze na lita mbili zilizo tayari.

Nguo ni sehemu ambayo nawaomba msiifanyie ubishi. Kila mtu awe na seti mbili tu: ya kutembelea na ya kulalia. Ya kutembelea italowa, kwa mvua au kwa jasho, na haitakauka usiku. Asubuhi mnaivaa hivyohivyo mbichi. Ni dakika kumi za karaha, halafu mwili unaipasha moto. Seti ya kulalia, pamoja na soksi nene na sweta, haitoki kwenye mfuko wake mpaka muwe ndani ya hema. Anayevunja sharti hili siku ya pili, akavaa soksi kavu asubuhi kwa kuwa anaonea huruma miguu yake, saa nne atakuwa na soksi mbili mbichi na usiku hatakuwa na hata moja kavu. Joto hupungua kwa nyuzi kama sita kila mnapopanda mita 1,000. Usiku wa nyuzi 18 pale Mang'ula unaweza kuwa nyuzi 8 kambini juu, na mtu aliyelowa hutetemeka hata kwenye nyuzi 15.

Kulinda ile seti kavu kunahitaji mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata hivyo isingefaa, maana inachanika kwenye mwiba wa kwanza. Nunueni mifuko mizito ya kufungwa kwa kukunja mdomo, au nailoni nene inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mkaitandike ndani ya begi kabla ya kupanga vitu. Kifuniko cha mvua cha nje hakitoshi, kwa sababu maji hushuka mgongoni na kuingilia upande wa mabega.

Jeans zibaki nyumbani. Zikilowa ni kilo mbili na hazikauki. Suruali nyepesi ndefu, shati la mikono mirefu, na suruali iingizwe ndani ya soksi dhidi ya kupe na siafu. Viatu viwe vya kukanyagia matope, vyenye meno marefu, vilivyovaliwa angalau kilomita 60 kabla ya safari. Wenyeji wengi hutembea na gambuti, na kwa matope ni nzuri mno, ila mgeni asiyezizoea huchubuka kisigino. Zaidi ya hapo: tochi ya kichwani yenye betri za akiba, mfuko wa kulalia unaofaa nyuzi 5, godoro jembamba, fimbo moja imara, kofia, filimbi, sabuni kidogo, kisu. Glavu nyepesi za bustani zitawaokoa kwenye miiba na kwenye upupu, ambao vinyweleo vyake vikigusa ngozi vinawasha vibaya. Upupu ukimpata mtu asijikune. Abandike utepe wa kunata na kuubandua ili utoke na vinyweleo, ndipo aoshe.

Njiani askari anatangulia. Nyuma yake anakaa mgeni mwenye mwendo mdogo kuliko wote, kisha wengine, na mtu mwenye uzoefu anafunga msafara. Mkimweka mwenye mwendo mdogo nyuma, kila mnapopumzika yeye ndiyo kwanza anafika, mnaondoka, na hapumziki siku nzima. Hatari ya kweli ya wanyama hapa ni nyati na tembo mnaokutana nao ghafla kwenye kona ya uoto mzito. Kwa hiyo msiweke vidude vya muziki masikioni, msipitane, na zungumzeni kwa sauti ya kawaida ili mnyama asishtukizwe. Askari akiinua mkono, simameni palepale. Akisema rudini, rudini kwa njia mliyojia. Msikimbilie vichakani kila mtu upande wake.

Mtakavyovuka mito ndivyo mtakavyojulikana kama mmejiandaa. Legezeni mikanda ya begi, fungueni wa kiunoni, vukeni mkielekea juu maji yanakotoka, fimbo mbele, mguu mmoja ukihama kwa wakati mmoja. Maji yakizidi goti na yanakimbia, ngojeni. Vijito vya mlimani hujaa haraka baada ya mvua na hupungua ndani ya saa chache, na saa tatu za kungoja zinalipika. Msimfunge mtu kamba kiunoni, kwa sababu akiteleza kamba inamzamisha badala ya kumwokoa.

Kambi ipigwe juu ya usawa wa mafuriko, nje ya njia za tembo, na kabla ya kufungua hema angalieni juu. Tawi kavu lililoning'inia ni hatari kuliko mnyama yeyote mtakayemwona. Kagueni ardhi kama ina msafara wa siafu. Usiku wakiingia hemani, tokeni wote, jipukuteni, subirini, msafara hupita. Zipu zifungwe kila wakati. Shimo la choo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua mia kutoka kwenye maji.

Na viatu, nawaomba, vioshwe vikauke kabisa kabla ya kuondoka Dar es Salaam. Milima hii ina viumbe wasiopatikana penginepo duniani, wakiwemo mbega mwekundu wa Udzungwa na ngolaga wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu. Vyura ndio walio dhaifu zaidi. Chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya safu hiihii, alitoweka porini ndani ya miaka michache, na kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilikuwa miongoni mwa sababu. Tope la bwawa lingine likiwa kwenye soli yenu linaweza kubeba ugonjwa wa aina hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, sabuni na dawa ya mbu visiingie kwenye kijito. Ogeni kwa ndoo, mmwage maji mbali.

Upande wa afya, muoneni daktari mwezi mmoja kabla, hasa mwenye miaka 51 na yeyote mwenye presha, kisukari au pumu. Bondeni kuna malaria. Ulizeni kuhusu kinga, na bebeni vipimo vya haraka pamoja na dawa mseto kwa maelekezo yake. Sanduku la dawa liwe na utepe wa kubandika malengelenge, bandeji pana nne, dawa ya kusafishia vidonda, dawa ya maumivu, ya kuharisha na ya mzio, kibano cha kupe, na pakiti 20 za chumvi-sukari. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, hufanya kazi ileile. Mtu akihisi joto kwenye kisigino, msafara usimame dakika hiyohiyo abandike utepe. Aibu ya kusimamisha wenzake ndiyo inayozaa lengelenge la siku ya pili.

Nyoka akimuuma mtu, vueni pete, saa na kiatu upande ule, tulizeni kiungo kwa vijiti na bandeji kama mkono uliovunjika, na mumbebe. Msikaze kamba, msichanje, msinyonye. Hospitali kubwa ya upande huo ni ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Pigeni simu kabla ya safari kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo kwa wakati huo. Kumbeba mtu kwa machela msituni kunahitaji watu wanane wakipokezana, mwendo ukiwa chini ya kilomita moja kwa saa. Machela hutengenezwa kwa miti miwili imara na viroba viwili vilivyotobolewa pembe, kwa hiyo viroba vya mchele msivitupe. Mtandao wa simu hushika kwenye baadhi ya matuta na kukatika mabondeni. Redio ya askari ndiyo ya kutegemea, na mtu mmoja Dar es Salaam awe na ratiba yenu pamoja na saa ambayo, akiwa hajasikia kitu, atapiga simu hifadhini.

Mazoezi yaanze wiki nane kabla. Dar es Salaam ni tambarare, basi tumieni ngazi za ghorofa, mara tatu kwa wiki, begi likianza na kilo nne na kufikia nane. Kushuka ndiko kunakoua magoti, kwa hiyo msishuke kwa lifti. Wiki ya tano nendeni Morogoro, mpande kutoka mjini hadi Morningside, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, na kurudi siku hiyohiyo, mkiwa na viatu na begi vilevile. Asiyemaliza siku ile bila maumivu ya goti abadilishiwe mpango, na aambiwe mapema kwa upendo.

Mang'ula fikeni siku moja kamili kabla, kwa basi la Ifakara kupitia Mikumi au kwa treni ya TAZARA, ambayo ina kituo hapo. Mchana malizeni ofisini na mkutane na askari. Jioni pangeni mizigo yote chini na kuipima kwa mizani ya kuning'iniza, mzigo mmoja mmoja, wapagazi wakiona namba. Chakula kifungwe kwa siku, siku ya tano chini kabisa, ya kwanza juu, na kile cha siku ya sita kikabidhiwe kwa mpishi na sharti kwamba hakifunguliwi bila mwongozaji kukubali.

Mkitoka, lipeni watu wote kabla ya kuoga. Kagueni kupe usiku ule mkisaidiana, nyuma ya magoti, kinena, kwapani na mstari wa nywele. Homa ikimpata yeyote ndani ya mwezi mmoja, aende hospitali na aseme waziwazi kwamba alilala Kilombero na ndani ya msitu wa Udzungwa, ili daktari apime malaria na afikirie pia homa ya kupe.